Mvua Inapochelewa, Mwili Nao Hujua: Kutambua na Kudhibiti Homoni ya Msongo



Ndugu msomaji, ukikaa na vikundi vyetu hapa Msalato na vijiji vya jirani utasikia neno moja likirudiwa na kila rika: mawazo. Mama anasema hapati usingizi kwa sababu ya mawazo. Baba anasema presha imempanda kwa sababu ya mawazo. Kijana anasema tumbo linamsumbua kwa sababu ya mawazo. Jibu analopewa kila mmoja ni lile lile: "Acha mawazo, mwachie Mungu." Jibu hilo lina nia njema, lakini mara nyingi linamwongezea mwenye shida mzigo wa pili. Anaanza kudhani kwamba anateseka kwa kuwa imani yake ni ndogo.

Katika makala hii tutaeleza kinachotokea mwilini mtu anapokuwa na msongo wa muda mrefu, dalili zake, na hatua ambazo familia, kikundi na usharika wanaweza kuzichukua. Aidha, tutaeleza ugonjwa ambao watu huuona kama kunenepa kwa neema, kumbe ni homoni ya msongo iliyozidi mwilini, na mara nyingi imetokana na vidonge au krimu iliyonunuliwa dukani.

Kengele ya hatari ndani ya mwili

Homoni ni kemikali ambayo mwili huitengeneza sehemu moja na kuipeleka kwa njia ya damu ili ifanye kazi sehemu nyingine. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizi mbili ndizo hutengeneza homoni za msongo, na mbili kati ya hizo ni muhimu tuzifahamu: adrenalini na kotisoli.

Tuseme unatoka shambani jioni na ghafla nyoka anakatiza mbele yako. Kabla hujafikiri lolote, moyo umeshaanza kwenda mbio, pumzi zimekuwa fupi na miguu imesharuka. Hiyo ni kazi ya adrenalini, nayo hufanya kazi kwa sekunde chache tu. Wakati huo huo ubongo hutuma taarifa kwenye tezi ndogo iliyo chini yake, nayo hutuma taarifa kwenye zile tezi za juu ya figo zitoe kotisoli. Hii huja taratibu zaidi, kwa dakika kadhaa, na hukaa muda mrefu zaidi. Kotisoli hupandisha sukari katika damu ili misuli na ubongo vipate nguvu, husaidia kushikilia msukumo wa damu, na huahirisha kazi ambazo si za dharura, kama vile kusaga chakula na mambo ya uzazi.

Hivyo basi, kotisoli si adui. Mtu asiyekuwa nayo kabisa hawezi kuishi. Hata siku ya kawaida isiyo na hatari yoyote, homoni hii hupanda alfajiri ili ikuamshe, kisha hushuka kidogo kidogo hadi kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na usiku wa manane. Mungu ameiweka kama mlinzi wa zamu: hupiga kengele hatari inapokuja, na hatari ikipita hunyamaza.

Shida huanza pale hatari isipopita. Nyoka huondoka, lakini deni haliondoki. Ada ya shule haiondoki. Ghala tupu mwezi wa Januari haliondoki. Mwili hauna kengele nyingine kwa ajili ya shida za namna hii, hivyo hutumia ile ile ya nyoka, mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Daktari Hans Selye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulieleza jambo hili kisayansi, katika andiko fupi alilolitoa mwaka 1936. Alionyesha kwamba shida za aina tofauti kabisa huamsha mwilini mwitikio unaofanana, na kwamba mwitikio huo ukiendelea bila kupumzika huuchosha mwili wenyewe.

Mvua ilivyopimwa katika mate

Je, ni kweli kwamba ukame unaingia hadi ndani ya damu ya mkulima? Watafiti waliuliza swali hili nchini Kenya, na matokeo yao yakatolewa mwaka 2013. Walichukua mate ya wakulima maskini wa Kianyaga, eneo la katikati ya Kenya, na mate ya mafundi wa vyuma wa jua kali jijini Nairobi. Kotisoli hupimika katika mate bila kuhitaji sindano. Kisha wakalinganisha viwango hivyo na mvua iliyonyesha, wakitumia picha za setilaiti.

Waliona kwamba mvua ilipopungua, kotisoli ilipanda siku kati ya 10 na 20 baadaye. Kupanda huko kulikuwa kukubwa zaidi kwa wakulima kuliko kwa mafundi wa mjini. Tena miongoni mwa wakulima wenyewe, waliotegemea kilimo peke yake waliathirika zaidi kuliko waliokuwa na njia nyingine ya kipato.

Wasomaji wa Dodoma tuyatafakari matokeo hayo kwa makini. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hatufikishi hata milimita 600 kwa mwaka. Wazee wetu walirithishwa habari za njaa ya Mtunya iliyoikumba Ugogo kuanzia mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyoua watu wengi sana. Mkulima wa Msalato anayetazama mawingu yakipita mwezi wa Januari huku mtama wake ukinyauka ana sababu ya kukosa usingizi. Mwili wake unafanya kile ulichoumbwa kufanya. Kumwambia aache mawazo ni sawa na kumwambia mwenye homa aache joto.

Kwa wengi wetu hapa ukame umeongezewa mambo mengine. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili, 2018, ardhi iliyokuwa shamba imegeuka kuwa viwanja. Hapa Msalato umekuja pia mradi wa uwanja wa ndege wa kimataifa. Wapo walionufaika, wapo waliohama walipozaliwa, na wapo wanaosubiri bila kujua kesho yao itakuwaje. Kusubiri bila kujua mwisho ni miongoni mwa mambo yanayoipandisha sana homoni hii.

Dalili za msongo wa muda mrefu

Dalili hizi hazimpati kila mtu kwa namna moja, lakini mtu mwenye kadhaa kati ya hizi kwa wiki nyingi hana budi kujichunguza:

1. Kushindwa kupata usingizi, au kuamka saa nane za usiku na kushindwa kulala tena.
2. Kichwa kuuma, hasa kisogoni, na misuli ya shingo na mabega kukaza.
3. Moyo kwenda mbio bila kazi nzito.
4. Tumbo kuvuruga, kukosa hamu ya kula, au kula kupita kiasi.
5. Hasira za haraka, kuwapigia kelele watoto kwa jambo dogo.
6. Kusahau, na kushindwa kumaliza kazi uliyoianza.
7. Kupungukiwa hamu ya tendo la ndoa, na kwa akina mama hedhi kubadilika.
8. Kuugua mafua na maradhi madogo madogo mara kwa mara.
9. Kuongeza pombe au sigara ili kutuliza kichwa.

Tahadhari: dalili hizi zinafanana na za magonjwa mengine. Moyo kwenda mbio unaweza kuwa upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo. Uchovu na kukonda vinaweza kuwa kifua kikuu, kisukari au VVU. Kwa hiyo usijiandikie mwenyewe kwamba "ni mawazo tu". Anza na zahanati, upimwe msukumo wa damu, sukari na wingi wa damu.

Unene usio wa neema

Sasa tuangalie hali nyingine, ambayo wengi huichanganya na msongo. Ipo hali ambapo kotisoli, au dawa inayofanana nayo, inazidi mwilini kupita kiasi kabisa. Kitaalamu huitwa ugonjwa wa Cushing, kwa jina la daktari Mmarekani Harvey Cushing aliyeueleza mwanzoni mwa karne ya 20.

Mgonjwa huwa na uso wa mviringo uliovimba mashavu. Tumbo hukua na nyama hujaa nyuma ya shingo, lakini mikono na miguu hubaki myembamba. Mistari mipana yenye rangi nyekundu au zambarau hutokea tumboni na mapajani. Ngozi huwa nyembamba na huvilia damu kwa kugongwa kidogo tu. Mapaja hukosa nguvu, kiasi kwamba mtu hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kujishika mahali. Presha na sukari hupanda, mifupa huvunjika kirahisi, na vidonda huchelewa kupona.

Majirani wanapomwona mtu wa namna hii katika hatua za mwanzo humpongeza: "Umenawiri! Maisha yamekukubali!" Naye kwa kusifiwa huendelea na kile kile kinachomuua. Hapa ndipo penye hatari.

Ugonjwa huu ukitokana na uvimbe ndani ya mwili ni nadra sana, watu wachache tu katika kila milioni kwa mwaka. Mara nyingi zaidi hutokana na dawa za jamii ya steroidi, ambazo zimetengenezwa kwa mfano wa homoni hii. Mwaka 1948 nchini Marekani, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea alichomwa sindano za homoni ya jamii hii, na baada ya siku chache akatembea. Waliohusika na ugunduzi huo, Hench, Kendall na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Lakini muda haukupita mrefu kabla madaktari hawajaona kwamba matumizi ya muda mrefu yana gharama zake: uso kuvimba, mifupa kudhoofika, sukari kupanda.

Steroidi ni dawa njema zikitumiwa kwa maelekezo ya daktari. Zinaokoa wenye pumu, na watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Shida iko katika njia tatu ambazo watu wetu huzipata bila kujua:

Kwanza, vidonge. Prednisoloni na deksamethasoni huuzwa kwa watu wasio na cheti cha daktari, kwa ajili ya maumivu ya viungo au hata kwa ajili ya kunenepa na kuwa na "shepu".

Pili, krimu za kujichubua na mkorogo. Baadhi ya krimu hizo zina steroidi kali kama klobetasoli na betamethasoni. Zikipakwa mwili mzima kila siku kwa miezi, dawa huingia kwenye damu kupitia ngozi. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivi, pamoja na vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinapatikana sokoni. Ukiisoma tyubu ukaona jina linaloishia kwa "sone", "solone" au "tasol", ujue kuna uwezekano mkubwa kwamba ni steroidi.

Tatu, unga wa "mitishamba" wa maumivu. Katika nchi mbalimbali dawa za asili zinazotangazwa kutibu viungo kwa siku moja zimepimwa na kukutwa zimechanganywa na steroidi kwa siri. Dawa inayomfanya bibi wa miaka 70 akimbie kesho yake tuitilie shaka.

Onyo muhimu: Mtu aliyetumia steroidi kwa zaidi ya wiki tatu hivi asiziache ghafla. Zile tezi za juu ya figo huwa zimelala kwa kuwa kazi yao ilikuwa inafanywa na dawa. Dawa ikikatwa siku moja, mwili unabaki bila kotisoli: mgonjwa hulegea, hutapika, msukumo wa damu hushuka, na anaweza kufa. Aende kwa daktari apunguziwe dozi kidogo kidogo. Tunawaomba pia watumishi wa Mungu wanaoombea wagonjwa: kamwe msimwambie mtu aache vidonge vyake siku hiyo hiyo ya maombi.

Je, nipime homoni?

Kwa mtu mwenye msongo wa maisha, kipimo cha kotisoli hakina faida kubwa. Homoni hii hupanda na kushuka mchana kutwa, hivyo tone moja la damu lililochukuliwa saa yoyote haliwezi kutoa jibu la kuaminika. Tena mtu aliyechoka kwa miaka mingi ya msongo anaweza akapimwa na kukutwa na kiwango cha kawaida, na bado anahitaji msaada. Vipimo hutumika pale daktari anapohisi ugonjwa wa Cushing. Hupima mkojo wa saa 24, au mate ya usiku wa manane, au damu ya asubuhi baada ya kumeza kidonge cha deksamethasoni usiku uliotangulia. Hayo ni mambo ya hospitali kubwa, kwa mfano ya rufaa. Usitoe fedha yako kwa mtu anayepita na kamashine akidai kusoma "homoni zote" kwenye kiganja cha mkono, kisha akuuzie virutubisho.

Namna ya kudhibiti msongo

Tukisoma habari za Elia katika 1 Wafalme 19, tunamkuta nabii aliyechoka kiasi cha kuomba afe. Tazama Mungu alivyomshughulikia. Hakuanza na mahubiri. Kwanza Elia alilala. Kisha malaika akampa mkate na maji. Akalala tena, akala tena. Baada ya hapo akatembea, akasikilizwa mara mbili akieleza uchungu wake, akapewa kazi ya kufanya, na mwishoni akapewa mwenzake, Elisha. Utaratibu huo unafaa kabisa kwetu leo.

1. *Usingizi na chakula.* Usingizi ndio wakati ambapo kotisoli hushuka. Lala na uamke saa zile zile kila siku. Weka simu mbali na kitanda, hasa zile jumbe za wanaodai. Punguza kahawa, chai nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu kuanzia mchana. Usiruke mlo kama uwezo upo. Ugali wa uwele au mtama na mlenda ni chakula kamili cha heshima, wala mtu asione aibu.

2. *Pumzi na mwili.* Kengele ikilia bila nyoka, unaweza kuituliza kwa pumzi. Kaa wima, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, toa taratibu ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika tano, asubuhi na kabla ya kulala. Wengi huunganisha pumzi hizo na sala fupi. Wasiofanya kazi ya jembe, kama sisi wa maofisini, tutembee angalau nusu saa kila siku.

3. *Kusema na mtu.* Nchini Zimbabwe Profesa Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Benchi la Urafiki. Mabibi waliopata mafunzo hukaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kumsikiliza mtu mwenye kile ambacho Washona hukiita kwa lugha yao "kufikiri kupita kiasi", yaani mawazo yetu haya haya. Bibi humsaidia mtu ataje shida zake, achague moja tu, na apange hatua moja ndogo ya kuchukua kabla ya kuonana tena. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika vituo 24 vya Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Je, sisi hatuna mabibi? Sharika zetu zimejaa akina mama wenye busara wanaojua kutunza siri.

Hata Dk. Martin Luther, ambaye mwenyewe alisumbuliwa sana na huzuni nzito, alimwandikia kijana Jerome Weller mwaka 1530 akimshauri asikae peke yake, bali atafute watu wa kuongea na kutaniana nao. Utani wetu wa makabila, msibani na mnadani, ni dawa tuliyopewa bure.

4. *Kupunguza chanzo.* Hapa ndipo kazi ya maendeleo inapokutana na afya ya akili. Ule utafiti wa Kianyaga unatufundisha kwamba njia ya pili ya kipato humlinda mkulima hata ndani ya mwili wake. Kuku, mbuzi, zabibu, alizeti, ushonaji: chochote kisichokufa siku ile mvua inapokatika. Panda mtama na uwele vinavyovumilia ukame kabla ya kuyategemea mahindi. Weka akiba ya chakula, usiuze yote mwezi wa Juni ukaja kununua kwa bei mara mbili mwezi wa Februari.

Utafiti mwingine uliofanyika Rarieda, magharibi mwa Kenya, na kutolewa mwaka 2016, uliangalia kaya maskini zilizopewa fedha kwa njia ya M-Pesa bila masharti. Kwa ujumla kaya hizo ziliripoti kuwa na furaha zaidi na msongo kidogo zaidi. Kotisoli kwa wastani wa jumla haikubadilika, lakini ilikuwa chini zaidi pale fedha zilipopewa mke kuliko zilipopewa mume. Wanaume wenzangu, jambo hili tulipokee bila hasira. Mama anapokuwa na sauti juu ya fedha ya nyumba, nyumba yote hupumua.

Kuhusu madeni, jihadhari na mikopo ya kausha damu. Jina lenyewe limeshasema ukweli: linaeleza kinachotokea kwenye mfuko na pia kinachotokea mwilini. Kopa ndani ya VICOBA chenu kwa masharti mliyoyatunga wenyewe. Kama umeshanasa, usifiche. Andika madeni yote kwenye karatasi moja na umwonyeshe mwenzi wako au mtu mmoja unayemwamini. Deni linalofichwa hulia kengele usiku.

5. *Epuka dawa za uongo.* Pombe huleta usingizi wa saa mbili na kuuharibu uliobaki. Vidonge vya usingizi vinavyouzwa bila cheti huleta utegemezi.

Wakati wa kutafuta msaada wa kitaalamu

Mpeleke mtu kwenye kituo cha afya bila kuchelewa endapo:
- huzuni au kukata tamaa kumedumu zaidi ya wiki mbili, hali wala hafanyi kazi;
- anasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni;
- anasema ni afadhali afe, anagawa vitu vyake au anaaga watu;
- ana dalili za uso kuvimba, mistari ya zambarau na mapaja kukosa nguvu tulizozieleza juu;
- anatumia steroidi na ameanza kulegea na kutapika.

Mtu anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Mwulize waziwazi, kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Ondoa nyumbani dawa za mifugo na za kuua wadudu, na kamba.

Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927. Kwa miaka mingi jina lake limetumika kama utani au tusi: "Huyu wa Mirembe huyu!" Tuache tabia hiyo. Inawafanya watu waliohitaji msaada mapema waje wakiwa wamechelewa. Kwenda Mirembe kwa ajili ya akili hakuna tofauti na kwenda hospitali nyingine kwa ajili ya jino. Wengi hutibiwa kama wagonjwa wa nje na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Wajibu wa usharika

Kanisa haliwezi kuleta mvua, lakini linaweza kuhakikisha kwamba hakuna anayeitazama mbingu peke yake. Tunapendekeza kila mtaa uchague wasikilizaji wawili, mwanamke na mwanaume, wanaoaminika kwa siri, wapatiwe mafunzo na wahudumu wa afya. Wazee wa kanisa wajue ni kaya zipi ghala zao zimekwisha kabla ya Januari kuisha. Mwinjilisti anapoombea mgonjwa, amwulize pia: umekula? umelala? umepimwa? Maswali hayo yanafuata mfano wa malaika aliyemhudumia Elia.

Mungu awabariki wote mnapovuka msimu huu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni miezi ipi ya mwaka ambayo watu wa kijiji chetu hukosa usingizi zaidi? Kwa nini?
2. Kati ya familia zetu, ni ngapi zinategemea mvua peke yake? Tunaweza kuanza njia gani ya pili kabla ya msimu ujao?
3. Je, kuna krimu au vidonge nyumbani kwetu ambavyo hatujui viambato vyake? Tuvilete kikao kijacho tusome pamoja na mhudumu wa afya.
4. Ni nani katika mtaa wetu ambaye watu humwendea wakiwa na mzigo moyoni? Tumsaidieje mtu huyo naye asielemewe?